Sisi wa Chumba cha Jumanne

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepunguza makali na cherehani haijakugomea. Mimi sijambo. Mkweo yuko wilaya nyingine wiki hii nzima akisoma mita za maji, nyumbani nimebaki mimi na redio.

Utashangaa barua wakati simu ipo. Simu ndiyo iliyonishinda, Mama. Kila Jumapili saa kumi ikiita najua ni wewe, na najua baada ya marahaba kinachofuata ni "kuna habari?" Moyo unanipiga tangu Jumamosi. Mara mbili wametoa mayai yangu, wakayaunganisha maabara na mbegu za mkweo (nisamehe kuandika haya, nawe nisamehe kuyasoma), wakanirudishia kiinitete tumboni. Mara mbili hakikushika, na mara mbili nimekwambia hivyo kwenye simu huku nikijifanya natafuta chumvi.

Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Mwili umechoka, na daktari mwenyewe amesema. Lakini kliniki wana utaratibu: kabla ya mara ya tatu lazima mke na mume wamwone mshauri nasaha. Nilikasirika. Nikamwambia nesi mimi naumwa mayai, siumwi kichwa. Akanipeleka tu. Chumba chenyewe kina viti vya plastiki, boksi la tishu na saa ya ukutani inayochelewa dakika tisa. Mshauri ni mama wa makamo, hana haraka na mtu. Mkweo alikodolea macho bomba la ukutani mpaka mwisho. Mimi nilisema nalala vizuri, nakula vizuri, halafu nikalia mpaka nikaona aibu.

Yeye ndiye aliyesema tuandikiane. Anasema simu inadai jibu papo hapo, barua inakuachia nafasi ya kupumua. Kwa hiyo naomba, Mama, usiulize. Kukiwa na la kusema nitalisema mwenyewe. Barua nitampa kondakta wa basi la asubuhi, ofisi yao ya vifurushi si iko ubavuni mwa kibanda chako.

Mwanao

6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo ni ule ule, na cherehani imekataa kurudi nyuma, inashona kwenda mbele tu, nami nimeiacha iende. Shule ya jirani imebadili sare, maagizo yamenifika shingoni.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Mshauri nasaha. Haya. Kwani mimi sina kinywa? Nimekulea, nimekuozesha, nimekubembeleza siku ulipolilia kiatu cha mguu mmoja, leo unamwendea mtu baki ndiyo akutazame ukilia. Lakini sawa, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Sitauliza. Nikisema nimesema. Ila nitakwambia tu, bila kuuliza: usinyanyue ndoo. Usikae kutwa nzima kwenye kile kiti kirefu ukikata vioo vya miwani, miguu itavimba. Lalia ubavu wa kushoto. Na usiwaze, mawazo ndiyo yanayokausha tumbo. Mke wa fundi bomba hapa jirani aliacha kuwaza tu, mwezi wa pili akashika. Na hiyo mara ya tatu, si nasikia ni karibuni? Siulizi. Nasema nilivyosikia.

Usinione nakusumbua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Habari za mgongo? Cherehani imekubali kurudi nyuma?

Sisi huku hatujambo. Tunakula, tunalala kwa kuibaiba lakini tunalala, na Jumanne tumecheka mpaka mbavu zikauma. Sikudhani nitacheka mwaka huu. Siwezi kukueleza zaidi, tumekubaliana mambo hayo yasitoke nje kwanza, ila nilitaka ujue kwamba siko peke yangu tena. Mkweo yuko safarini tena, atarudi mwisho wa mwezi.

Nakimbilia kazini. Kuna mzee anangoja miwani yake tangu jana, nami nilimwekea vioo vya mtu mwingine.

Mwanao

4 Aprili

Mwanangu, mwanangu,

Nimeisoma mara tatu, kisha nikamwita binti wa duka la vitambaa anisomee kwa sauti, nisije nikawa naota. Ulidhani sitaelewa? Mwezi uliopita mumeo yuko safarini, ukaandika "mimi sijambo". Leo mumeo yuko safarini, unaandika "sisi hatujambo". Sisi nani? Usingizi wa kuibaiba. Siko peke yangu tena. Mambo hayo yasitoke nje kwanza. Hata kipofu angeona.

Nami nimenyamaza kama ulivyotaka. Nimemwambia shangazi yako tu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akinisema pembeni. Na mama mkwe wako, hiyo ni haki yake. Nilidhani simu imekatika, kumbe analia. Na huyo binti wa vitambaa. Basi. Labda na mwalimu mkuu aliyekuja kuchukua sare, lakini yeye alinikuta nacheza peke yangu kibandani, ningemwambia nini?

Na sijauliza hata swali moja, umeona.

Bibi yake

6 Aprili

Mama,

Hakuna mimba. Kiinitete hakijawekwa, kitawekwa mwezi wa saba.

Sisi ni wanawake saba. Kila Jumanne mshauri anatukusanya kwenye kile chumba, sote tuko kwenye matibabu haya haya. Yumo hakimu, yumo mpishi wa shule, yumo dereva wa lori. Tulicheka kwa sababu dereva wa lori alitusimulia alivyokuwa akijidunga sindano ya homoni tumboni, mara trafiki akamgongea kioo. Hiyo ndiyo siri niliyokuficha. Hao ndio walionifanya nisiwe peke yangu.

Mama mkwe alimpigia mwanawe huko huko wilayani kumpongeza. Naye akanipigia mimi. Alisema, "Kumbe ulikuwa unaningoja nirudi ndiyo uniambie?" Sauti yake ilikuwa na furaha, Mama. Sijaisikia hiyo sauti miaka mingi. Na mimi ndiye niliyelazimika kumwambia hapana.

Jambo jingine nimelibeba tangu Machi. Uliniandikia uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uliniandikia mimi.

Kliniki wana siku ya jamaa, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, kila mmoja anakuja na mtu wake. Nilikuwa nimekuandikisha wewe. Nimekufuta. Usiniandikie kwanza.

Mwanao

29 Juni

Mwanangu,

Sijui kama utaifungua hii. Hujambo? Hiyo ni salamu, si swali. Karibu miezi mitatu nimenyamaza, na unanijua, nimeugua.

Kwanza, maneno niliyoyasambaza nimekwenda kuyakusanya. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini nimezunguka. Kwa shangazi yako nilivumilia masimango. Kwa mama mkwe wako nilikwenda mwenyewe, nikamwambia binti yangu hakusema lolote, ni mimi niliyesoma nilichotaka kusoma. Alinipa maji ya kunywa. Tukakaa. Mwalimu mkuu naye nilimwambia, akawa anahesabu vifungo vya shati hata hajui atazame wapi.

Pili, na usinikasirikie upya, jana nilikuja huko kwenu. Siku ya jamaa. Nilijua umenifuta, na wewe mwenyewe hukuwepo. Mshauri akasema siku hii ni ya watu wawili wawili, nikamjibu wangu hataki kunisemesha. Akanivutia kiti. Nami si ndiyo nikaanza, nikawaeleza ndoo, nikawaeleza ubavu wa kushoto, nikawaeleza mke wa fundi bomba. Akaningoja nimalize. Kisha akauliza, "Mama, mwanao alikwambia nini?" Nikasema nilimwambia asiwaze. "Sijauliza ulimwambia nini. Yeye alikwambia nini?"

Nilitafuta, mwanangu. Watu wamekaa wananitazama, mimi natafuta kichwani na sioni kitu. Miaka thelathini na minne msemaji ni mimi.

Nimerudi nikazitoa barua zako. Uliandika moyo unakupiga tangu Jumamosi. Uliandika ulilia mpaka ukaona aibu. Mimi nikakujibu habari za cherehani. Ile methali ilitoka kwa mazoea, sikuifikiria, na kutofikiria ndiyo kosa lenyewe. Nisamehe.

Mama yako

3 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimeifungua. Nimeisoma nikimsomea mkweo kipande kipande, akacheka ulipofika kwa mke wa fundi bomba, halafu akatoka nje kidogo.

Wamekiweka juzi. Kipimo cha damu ni tarehe kumi na tano. Siwezi kukaa, Mama. Napanga vijiko, navipangua. Nafungua friji nasahau nilichofuata. Nikienda chooni natazama, nikitoka narudi kutazama tena. Wiki hii kioo cha kushoto nimekikata kikawa cha kulia mara tatu, tajiri amenitoa kwenye mashine, sasa nafuta fremu.

Jumanne mshauri aliniuliza nisilotaka kuulizwa: jibu likiwa hapana, je? Nilitoka nikasimama ukumbini. Dereva wa lori akanifuata, akasimama nami anakula karanga. Niliporudi ndani nikalisema. Ninachoogopa ni uso wako. Naogopa kuwa mtoto wa kuhurumiwa. Naogopa kila ukishona sare ya darasa la kwanza utanikumbuka mimi.

Mkweo naye ana kikao, Alhamisi, wanaume wako wawili tu, yeye na mwalimu wa michezo. Jana ameniambia kwamba akiinama kusoma mita kwenye nyua za watu, watoto wakikimbia huko ndani, huwa anaandika namba zisizo sahihi. Miaka sita tunalala kitanda kimoja na sikulijua hilo.

Usinipe moyo, Mama. Usinipe dawa. Nataka tu uwe umesikia.

Mwanao

5 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimesikia. Unaogopa uso wangu. Nimejitazama kwenye kioo cha wateja na kwa kweli sikulaumu.

Nami nikwambie langu. Siogopi kukosa mjukuu. Naogopa kufa nikuache huna mtu. Maswali yangu yote ya Jumapili yalikuwa hilo moja, na sikulijua mpaka nilipokaa kuandika hapa. Siombi unijibu.

Mama yako

15 Julai

Mama,

Hakikushika. Wamenipigia saa nne asubuhi. Nesi aliongea taratibu sana, nikajua kabla hajafika kwenye neno lenyewe.

Tunaacha. Si kwa hasira, tulikubaliana zamani. Mkweo hakwenda kazini. Amekaa sakafuni karibu na mlango wa jikoni na mimi niko kitini, hatujapika. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Barua anakuletea kondakta wa mchana.

Mwanao

15 Julai, jioni

Mwanangu,

Barua imenikuta nampima mtoto wa mteja mabega. Nimemwomba mama yake arudi kesho, nikashusha turubai la kibanda, nikalia.

Nimeandika kurasa nne na zote nimechana, zilikuwa na ushauri. Sina la kukwambia. Nimeumia, basi.

Zamani ningekuwa tayari niko kwenye basi na kapu langu, nimekuja kukupangia nyumba yako. Safari hii nauliza, na hili naomba uniruhusu kuuliza: nije? Ukisema nisubiri, nitasubiri.

Mama yako

16 Julai

Mama,

Njoo. La asubuhi likijaa, panda la mchana.

Mwanao