Aliyeandikwa Chini ya Kaka Yake

Jumatatu, 3 Februari 2003
Umeme umerudi saa nne. Disketi ya kambi moja ya wakimbizi ya ng'ambo ya ziwa imefika. Kazi ile ile: skripti, programu fupi ya kompyuta, inapita orodha ya wanaotafutwa na jamaa zao, safu kwa safu, na kila mwenye alama ya kupatikana inamtoa, inamhamishia orodha ya pili. Niliiandika mwenyewe. Nilikuwa mwalimu wa hesabu; vita vimenifanya karani wa waliopotea. Nimechoka.

Jumanne, 4 Februari
Nimechapisha, nimebandika mlangoni. Mama Shabani, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Gatete, amemkuta Shabani kwa waliopatikana. Hamisi, mdogo mtu, bado anatafutwa. Walikimbia kwa mtumbwi mmoja.
"Murakoze, asante, mwalimu. Mumoja iko. Huyu mwingine ziwa limemukula."


Jumatano, 5 Februari
Risasi upande wa Kizuka. Ofisi imefungwa.

Alhamisi, 6 Februari
Sokoni wanasema Mama Shabani anasoma hitima ya Hamisi kesho. Ndugu wawili, mtumbwi mmoja. Nimekosa raha. Nimefungua disketi yenyewe. Hamisi yumo, chini ya kaka yake, na alama ya kupatikana. Skripti ilimruka.

Kosa nimelipata jioni. Orodha ile husogea. Ukitoa safu ya tatu, ya nne inasogea mahali pake, na skripti imeshakwenda kutazama nafasi ya nne, ambayo sasa ina wa tano. Kama foleni ya bombani. Nasi tunaandika watu kwa kaya, ndugu chini ya ndugu. Wakipatikana wawili, wa pili anaachwa. Najionea haya. Barabara ya Gatete imeshafungwa.

Ijumaa, 7 Februari
Nimeigeuza skripti ianzie mwisho kurudi mwanzo. Wametoka wengine kumi na mmoja. Askari wamenikalisha kwenye kizuizi cha barabarani mpaka alasiri. Nimefika kwa Mama Shabani masufuria ya hitima yanaoshwa.

Nimemwambia. Hakulia. "Tumemusomea hitima mutoto iko hai," amesema. Akaniomba nimsomee jina, polepole. Nimelisoma mara tatu. Wamenipa wali uliobaki, nimekula kwa aibu.

Jumamosi, 8 Februari
Mvua. Disketi za kambi nyingine ziko tisa kabatini. Zote zilipita kwenye skripti ile.
Nimeanza na ya kwanza, kwa kidole, jina kwa jina; skripti siiamini tena. Aliyerukwa ni binti mmoja kutoka Muhuta. Baba yake alikuwa akija kila Jumanne kusoma mlangoni. Tangu Krismasi haji tena.
Jumatatu nitakwenda Muhuta.