Mtani wa Bwana Nassibu

Jumatatu, 11 Agosti 1975
Jembe limenikata mguu katika shamba la shule. Jembe langu mwenyewe! Nilikuwa nawaza kitabu.

Nesi Esha alikuwa ananishona pale kituo cha afya alipoingia Bwana Nassibu, balozi wetu wa nyumba kumi, na mkewe Bi Kijakazi, mkono unaning'inia. Kaanguka mkoroshoni akichuma korosho, akasema mumewe. Nesi akamwuliza Bi Kijakazi anaumia wapi. Bwana Nassibu akajibu. Ameanguka lini? Bwana Nassibu. Jina lako nani, mama? Bwana Nassibu!

Nesi akamwomba atoke kidogo. Akakataa: kwa nini atoke? Mke ni wake.

Korosho mwezi huu, msimu bado? Na nani hupanda mkorosho? Korosho huanguka zenyewe, watu wakaokota. Hata mimi mtoto wa Songea najua. Sikusema. Mimi sisemi.

Jumanne, 12 Agosti
Nimeenda kusafishwa kidonda. Nesi Esha kanong'ona: shingoni mwa Bi Kijakazi kuna alama za vidole. Mti gani una vidole? Kesho anarudi kutazamwa mkono, na mumewe ataingia naye tena. Kumshtaki? Mambo ya ndoa huanzia kwa balozi. Balozi ndiye yeye!

Kisha akanitazama. Wewe si Mngoni? Ndiyo. Basi Wamwera ni watani zako, na mtani hakasirikiwi. Mimi Mmwera mwenzake, siwezi. Kesho mzuie nje, nipate kuzungumza na mkewe.

Mimi! Mwalimu akiita "Veronika", jirani yangu wa dawati ndiye huitika kwa niaba yangu!

Jioni nikamwuliza Baba, naye ni mwalimu hapa: Wamwera wana kasoro gani? Alizihesabu, tangu kutekwa na babu zetu hadi kula panya, akasahau ugali wake. Ulipoa kabisa.

Jumatano, 13 Agosti
Nimesema!!

Benchi lilijaa wagonjwa. Bwana Nassibu alipoinuka kumfuata mkewe ndani, nikamshika kanzu. Yote niliyokariri yakapotea. Nikasikia nasema: "Shikamoo, mtumwa wangu."

Benchi zima likaangua kicheko. Naye afanyeje? Akacheka. "Marahaba, mwizi wa ng'ombe! Kumbe una ulimi?"

"Keti. Mateka haingii ndani bila ruhusa ya bwana wake."

Akaketi! Mlango ukafungwa nyuma ya Bi Kijakazi.

Nikanogewa. Nikamwuliza: nyie Wamwera mmeanza lini kupanda mikorosho kama kima, tena Agosti?

Wakacheka. Halafu bibi mmoja akaacha kucheka. Halafu jirani yake. Wote wakawa wanamtazama balozi. Mwisho alibaki Bwana Nassibu peke yake anacheka.

Nesi Esha alitoka, akatangaza kwa sauti: Bi Kijakazi amelazwa. Bwana Nassibu akaniinamia. "Utani una mpaka, binti wa Mwalimu."

Usiku huu nayarudia yote kitandani. Lakini kima! Nilimtoa wapi?

Alhamisi, 14 Agosti
Bi Kijakazi kamwambia Nesi yote. Mimi nimeambiwa kidogo tu, inatosha. Anataka kwenda kwa kaka zake, kijiji cha Mitole. Lori la kijiji linaondoka kesho asubuhi. Na Bwana Nassibu ametuma neno: kesho asubuhi anakuja kumchukua mkewe. Nimzuie tena, asema Nesi.

Baba kasimuliwa yote. Kwa mtumwa alicheka mpaka machozi. Kwa mkorosho akaweka kikombe chini. Kisha akasema: kesho usisahau lile la panya.

Ijumaa, 15 Agosti
Niko benchini. Bi Kijakazi yuko ndani ya lori nyuma ya kituo, juu ya magunia ya mihogo, chini ya turubai. Lori haliwaki. Vijana wanalisukuma. Nesi Esha anasukuma pia!

Benchi leo tupu. Utani bila wa kucheka ni matusi tu.

Kanzu ya Bwana Nassibu ile pale, kwenye kona ya ghala. Hatabasamu.

Lori limekohoa. Limezima.

Amefika. Anauliza mkewe yuko wapi. Nimeinua kidole: ngoja, mateka, bwana wako anaandika. Naandika polepole. Herufi kubwa. Sijui hata naandika nini. Kivuli chake kiko juu ya karatasi.

Limekohoa tena.

Hajakaa. Lakini hajapita mlangoni.