Toni Ulizozifuta Kitabuni

Chumba cha Ushonaji,
Ghorofa ya Pili.
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tupo. Mama anakula, anakaa kitini, ila upande wa kulia bado hausogei. Nimekusalimia kwa kuwa tulilelewa vizuri. Sasa nikuambie kilichonichoma.

Kitabu chako kimefika. Jalada zuri, picha yako nzuri zaidi. Nilikisoma kwenye meza ya kukatia, mteja akisubiri suruali yake, nikafika unaposema kwamba ile lugha tuliyoitunga sisi wawili uliibuni peke yako, na kwamba toni umeziondoa kwa sababu “ziliingizwa na mshonaji mmoja, zikawa pambo tu”.

Mshonaji mmoja. Hata neno dada lilikushinda.

Nikukumbushe basi. Wewe ulileta sarufi ya Kirusi na ya Kipolandi, nomino zikibadilika miisho kila zinapobadili kazi katika sentensi. Mimi nilileta nilichofundishwa na yule mdarizi wa Kihmong, watu wa milima ya Asia, niliyekaa naye cherehani kwa cherehani miaka minne: silabi moja, ukiipandisha ni kitu hiki, ukiishusha ni kingine. Tuligombana mwaka mzima, maana miisho yako iliyafanya maneno yawe marefu kama treni. Ni mimi niliyesema tuitupe miisho yote, toni ifanye kazi yake. Ulinikumbatia mpaka pini zangu zikakuchoma.

Mama alikuwa akitusikiliza na kutucheka. Kumbe alikuwa anajifunza.

Kiharusi kilipomnyang'anya maneno, kilimwachia silabi moja tu, “ne”. Daktari akasema hiyo si lugha. Siku ya tatu nikagundua anaipandisha na kuishusha kwa kanuni zetu. “Ne” ya juu, anamwita mtu. Ya kushuka, anataka kitu, nami namwonyesha kimoja kimoja mpaka akubali. Hivyo ndivyo tunavyoongea, mama na mimi.

Jumamosi ulipopiga simu nilimwekea sikioni. Alikuita mara sita, kwa toni ya juu kabisa. Ukacheka, ukaniambia, “Mama anabwabwaja tu, mpumzishe.” Alikusikia. Kiharusi hakikugusa masikio.

Tangu siku hiyo nikimwonyesha picha yako, anatoa ile “ne” ya chini inayokwama kooni. Unaijua. Wazo lake lilikuwa lako, kutoka kwa Waslavi, hao Warusi na Wapolandi wako, ambao jina la kitu kisichokuwepo hulibadilishia mwisho; sisi tukaweka toni hiyo badala yake. Tuliitumia kusema hakuna mkate, hakuna mvua. Mama anaitumia kusema hakuna wewe.

Sitaki uniombe msamaha, wala jina langu silitaki kitabuni. Nataka upige simu Jumamosi hii, mchana, umwite mama kwa toni ya kuita. Fanya mazoezi mbele ya kioo. Usipoweza, usipige, maana ukikata simu mimi ndiye ninayebaki naye chumbani.

Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda, wao hawajanikosea. Mjomba anakuulizia. Anakisifu kitabu chako kwa kila mtu, nami sijamwambia kilichomo.

Mungu akulinde, akupe na masikio.

Wako akupendaye, ingawa leo ni kwa shida,

Dada