Kahawa ya Mzee Simoni

Mama,

Shikamoo. Wameketi pamoja! Nimeshindwa kuanza na habari nyingine. Mzee Byabato na Mzee Simoni, majirani zetu wa Ihanda uliowahangaikia mpaka miguu ikakuvimba, jana walikaa benchi moja kwenye kikao chako cha amani.

Ndiyo, bado nakiita chako. Ulipofariki watu walisema kitakufa nawe, na mimi niliogopa hivyo hivyo. Nani angenisikiliza mimi, ninayefokea hata kuku?

Unakumbuka ulivyoanza kila kikao kwa kupitisha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia, yako na ya majirani, na kila mara Byabato akaikataa ya Simoni, tangu ugomvi wao wa mpaka wa migomba. "Sili cha mtu wa kuja," alisema, ingawa Simoni, mtoto wa Warundi, alizaliwa hapahapa. Wewe ulimfuata tena wiki iliyofuata. Mimi nilikuwa nachemka.

Jana nilikosea, Mama. Simoni alileta kikapu cha kahawa yake, nikakiweka kando ya chetu, na wakati wa kugawa nikabeba kisicho chetu. Byabato akatafuna, akafumba macho. "Hii ndiyo kahawa ya mama yako. Mkono wake umebaki." Nikatazama kikapu. Kilikuwa cha Simoni.

Ningeweza kunyamaza. Lakini hukutaka watu wapatanishwe kwa uongo. Nikasimama, nikamwambia kama mtoto kwa baba: "Tata, nisamehe. Hii ni ya Mzee Simoni."

Nilijua akitema, kazi yako yote imeharibika mikononi mwangu.

Hakutema. Alitafuna polepole mpaka akamaliza. Kisha akamgeukia Simoni, akanyoosha kiganja.

"Unachemshia majani gani?"

Simoni akacheka huku machozi yanamtoka, akamjazia kiganja. Vigelegele vililia mpaka bodaboda zikasimama barabarani. Nililia mbele ya watu wote wala sikuona aibu. Umeshinda, Mama! Nilikukumbuka jana kuliko hata siku ya mazishi.

Pumzika sasa, mama yangu. Nakuahidi kikao hiki hakitafungwa nikiwa hai. Jumamosi tunakwenda kupima ule mpaka wa migomba. Siku wameipanga wazee wenyewe, na Byabato amesema kamba ya kupimia aishike Simoni.

Mwanao,
Koku