Usichanganye Mafuta ya Breki

Mjukuu wangu Salim,

Mimi mzima huku ugenini Turffontein, mgongo tu ndio umechoka na kazi ya matofali. Shangazi yako kajifungua binti, eish, analia kama king'ora!

Umeuliza kama mashine yako ya kupasulia kuni uiongezee mafuta ya breki. Usithubutu. Ongeza mafuta ya haidroliki ya aina ileile iliyomo. Kama huijui, mwaga yote uweke mapya.

Kaka wa bibi yako, fundi Juma, alichanganya hivyo kule Tanga asubuhi ya harusi yetu. Mipira ya kuzibia mafuta kwenye silinda ikavimba, kabari ikanasa ndani ya gogo, na pilau haijabandikwa. Wapishi wakamcheka: "Fundi, mashine imeshiba kabla ya wageni!"

Nilipofika kuoa nikavua kanzu, nikashika shoka. Bibi yako, ambaye hadi jana yake alikuwa hanitaki, akachungulia dirishani: "Msimsaidie. Mwacheni apasue, nimwone vizuri."

Babu yako,
Hamisi