Chupa Ikipoa Huvuta

Dar es Salaam, 12 Agosti 1973

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni miguu yako.

Ile chachu uliyonifungia nimepikia pombe ya mtama, hapa jikoni kwenye nyumba ya wageni ninakofanya kazi. Niliitia kwenye chupa kubwa, nikaziba, nikapitisha mpira mwembamba hadi kwenye kikombe cha maji, ipumue bila nzi kuingia. Ilipoacha kutoa mapovu nikaiweka kwenye friji ili mashapo yatue. Asubuhi kikombe kikavu! Pombe imeyanywa maji yote, na sisimizi waliofia humo. Baadaye ikawa siki. Nililia, mama, maana ilikuwa imeanza kunukia kama nyumbani Jumamosi. Chachu imebaki kidogo. Nimekosea wapi?

Mwanao, Laurenti

Mlimani, kupitia Njinjo, 2 Septemba 1973

Mwanangu Laurenti,

Marahaba. Miguu inauma ila shambani inanifikisha. Anayeniandikia ni katekista Leonadi. Analalamika kuandika habari za pombe, nami nimemkumbusha nani huwa anamaliza ya kwangu.

Kitu chenye joto kikipoa huvuta pumzi. Wewe ulikiwekea maji mdomoni, kikavuta maji. Mimi kabla ya kukilaza kibuyu kwenye mchanga wa baridi natoa kizibo, nafunga kitambaa kilichochemshwa, kivute hewa safi. Marehemu baba yako alipenda kukaa karibu asikilize kinavyovuta, akisema mgeni anaingia. Basi toa mpira majini, funga kitambaa, ndipo uweke kwenye hilo friji lako.

Mama yako

Dar es Salaam, 3 Februari 1974

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Pombe imekubali. Nasikia huko watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Uko wapi?

Mwanao

Njinjo, kijiji kipya, 16 Juni 1974

Mwanangu,

Marahaba, ni mzima. Tumeteremshwa mlimani, kisha mvua zikafunga barabara. Lori liliingia shimoni, vibuyu vyote vikapasuka, na chachu ya bibi yako ikamwagikia magunia. Tangu niolewe haijawahi kukatika. Naona aibu kama niliyeuacha moto uzimike. Misa ya kumkumbuka baba yako ni Agosti, na sijui nitawapa watu nini. Ile yako bado i hai?

Mama yako

Dar es Salaam, 1 Julai 1974

Mama,

Shikamoo, na pole sana. I hai. Nimeipoza na kitambaa mdomoni mwa chupa, haikuvuta hata tone. Nakutumia yote, sikujibakizia. Anaileta Andrea, utingo wa lori, ameapa kuipakata njia nzima. Mimi kazi zimenibana, nitakuja mwakani, Mungu akipenda.

Mwanao

Njinjo, 25 Agosti 1974

Laurenti,

Naandika mwenyewe. Nimejifunza kwenye darasa la watu wazima, vumilia herufi.

Chachu imefika, imeumka. Watu wamekunywa, Leonadi ameimba mpaka sauti ikakauka. Juzi nilikaa peke yangu kusikiliza kibuyu kinavyovuta. Nikatazama mlangoni.

Chachu nimeigawa. Yako iko chini ya kitanda changu. Kwa lori siitumi. Njoo uichukue.

Mama