Yeye Mwenye Ndevu

Jumapili, 3 Machi
Mwaka na miezi miwili tangu nitoke kwetu Dingxi. Bado natema kutu. Daktari wa yadi ya meli kasema: kwa mapafu haya, acha kukwangua matangi ya meli. Mlango wa kutokea ni mmoja tu — kuandika taarifa za ukaguzi kwa Kiingereza, juu sitahani, hewani. Mtihani ni tarehe 16. Leo nimempa Mwalimu Qiao, anayetufundisha Kiingereza, ukurasa mzima juu ya mke wangu, Suqin. Nimeuandika kwa raha, kusema kweli!

Jumatano, 6 Machi
Karatasi imerudi. Nyekundu tupu! Kumbe Kiingereza kina yeye wa kiume na yeye wa kike. Kwa Kichina chetu, ukitamka, ni neno lile lile. Nimemfanya Suqin mwanamume mara kumi na saba. Dou, tunayelala naye chumba kimoja, kawasomea wenzetu bwenini kwa sauti. "Mzee Niu, shemeji ananyoa ndevu kwa wembe gani?" Nikacheka nao. Chakula nikakiacha.

Jumapili, 10 Machi
Nimepata dawa: siandiki mtu. Bamba la meli. Ufa. Kutu. Sentensi fupi, zile ninazozijua. Wino mwekundu — hata tone! Lakini mwalimu hakufurahi. Kasema ile ya kwanza ilimwonyesha Suqin akichimbua viazi, matope hadi magotini. Hii imemwonyesha bamba. Basi mbona hukuandika hivyo pale pembeni? nikamuuliza. Kasema makosa yalikuwa mengi, nafasi haikubaki.

Alhamisi, 14 Machi
Nimejaribu tena. Kila nikifika kwenye yeye, mkono unaganda. Nimekohoa, nimechana karatasi. Mistari sifuri.

Jumamosi, 16 Machi
Mtihani. Swali: Eleza mtu wa nyumbani kwako. Mtu! Nimeandika: Mke wangu ni Suqin. Suqin ana miaka arobaini na sita. Suqin analima viazi. Suqin ni mzima. Nikakabidhi karatasi, nikaja kukaa hapa ngazini.
Mwalimu kanifuata nayo.
"Mzee Niu, hii haifiki hata nusu. Rudi ndani, muda bado upo."
"Nitamkosea tena, mwalimu."
"Mkosee. Safari hii nitasoma kwanza, kalamu ikiwa mfukoni."
Kaniwekea karatasi magotini, kaingia. Zimebaki dakika ishirini na tano. Daftari hili naliacha hapa ngazini. Saa sita nitarudi kulichukua.